Mguu wa Kushoto Ndio Mgonjwa

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nimejiandikisha! Jina la kwanza kabisa kwa Mwalimu Ndizeye. Wiston, fundi cherehani, umri zaidi ya arobaini. Zaidi kwa kiasi gani, hakuuliza na mimi sikusema.

Jana baada ya misa katekista alitangaza kwamba wiki ya Nane Nane kutakuwa na michezo mitatu kwa mpigo. Kuvuka lambo kwa kuogelea, kuendesha baiskeli mpaka njia panda na kurudi, kisha kukimbia kupanda kilima hadi uwanja wa shule. Jina la mchezo wenyewe lilimshinda. Alisema “tilatironi”, akajirekebisha kuwa “tiratiloni”, akakohoa, akahamia matangazo ya ndoa. Vijana watashindania baiskeli. Sisi watu wazima tutashindania mtamba wa maziwa. Mtamba! Mweusi, baka jeupe usoni, na tayari ana mimba. Hapo ndipo nilipoacha kusinzia.

Shida ni Bernardo. Jirani yangu, tulisoma darasa moja hapa hapa Rulenge. Ana ng'ombe watatu na besi ya kwanza kwenye kwaya. Kila asubuhi mke wangu Restituta anakwenda uani kwake na jagi kununua maziwa. Bernardo anapima, halafu anaongeza tone juu, anasema hilo la mtoto. Hatuna mtoto mdogo. Wetu wote wana nyumba zao. Lile tone linanikaba kooni kuliko mfupa wa samaki.

Na yeye kajiandikisha! Alipoulizwa sababu alijibu kwamba ni kwa ajili ya afya tu. Mtu mwenye ng'ombe watatu!

Restituta alipopata habari zangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwa utulivu. Kuogelea: nimekulia kando ya mto Ruvubu. Baiskeli: miaka yote hii nakanyaga cherehani, miguu haijui likizo. Kukimbia: nani asiyejua kukimbia? Akaniuliza cherehani imeshawahi kunifikisha wapi. Wanawake hawaelewi michezo.

Alhamisi, 24 Julai 2025

Nimeshona vazi la kuogelea. Mabaki ya majoho ya kwaya, rangi ya zambarau, yanang'aa vizuri. Nimeweka na mfuko. Fundi asiyeweka mfuko ni fundi gani?

Nimelijaribu leo lambo lilipokuwa halina watu. Ng'ombe waliletwa kunywa maji, wakaniona, wakaghairi. Lakini nimeogelea! Mwili haujasahau. Mikono ilikata maji yenyewe kama zamani, mpaka ng'ambo na kurudi, pumzi imebaki. Kasoro ni moja. Vazi lilijaa maji, likavimba nyuma, na kwenye mfuko nikakuta chura. Nitapunguza mshono.

Nikiwa narudi na furaha yangu, nani namwona anapanda kilima? Bernardo, juu ya baiskeli, madumu mawili ya maziwa nyuma. Alikuwa anapiga mluzi. Kilima kile! Mluzi! Akanisalimia, akauliza kama nimenyeshewa. Nikasema ndiyo. Mvua haijanyesha tangu Mei.

Nimekaa kwenye cherehani mchana kutwa bila kushona kitu. Nimewaza. Bernardo kwa miguu yangu hii simpati. Lakini mtu akiona mpinzani wake ni mgonjwa hufanya nini? Hulegea. Anaacha mazoezi. Anakula. Basi, kuanzia Jumapili mimi ni mgonjwa.

Jumapili, 27 Julai 2025

Ushindi mkubwa. Nimeingia kanisani nachechemea, mguu wa kushoto. Nilichagua wa kushoto kwa sababu kwenye benchi letu ndio unaokaa upande wa njia. Nilipokwenda kukomunika nilivuta mguu mpaka akina mama wakaguna. Pole zilinimiminikia! Nikasema niliteleza, sijui kama mashindano nitayaweza. Kwa huzuni. Nikaangalia chini.

Bernardo alisikia. Uso wake ulibadilika kabisa. Nikajua kalegea.

Hakulegea. Alileta baiskeli yake mpaka mlangoni pa kanisa, akanikalisha kwenye keria nyuma mbele ya watu wote, akanipandisha kilima mpaka nyumbani. Mimi si mwepesi. Nilitega sikio kwenye mgongo wake. Hakuhema hata! Aliimba wimbo wa kutolea sadaka, beti zote.

Tulipofika akasema mguu ule si wa kutembelea. Kwa hiyo atanichukua kila asubuhi kunipeleka kwenye cherehani, na jioni atanirudisha. Nikakataa. Restituta akakubali kwa niaba yangu. Jioni yakaja maziwa ya bure, jagi zima, na tone juu.

Nimelala nikipiga hesabu mpya. Mpinzani wangu sasa anapanda kilima na mzigo wa mtu mzima kila siku, na mzigo wenyewe ni mimi. Mpango unahitaji marekebisho.

Jumatano, 30 Julai 2025

Marekebisho: mazoezi ya siri. Alfajiri, njia ya nyuma kwenye mikaratusi, baiskeli ya kuazima kwa mteja anayenidai suruali. Safi kabisa. Upepo usoni. Miguu yote miwili mizima. Nilikuwa karibu kupiga mluzi.

Kwenye kona nikamwona Mama Nyirabahizi anatoka kisimani na ndoo kichwani. Ni bibi wa heshima, alikuja kutoka Rwanda akiwa msichana, anakanda miguu ya watu wa Rulenge na Ntobeye, na habari zikimfikia yeye zimefika kwa wote. Angeniona nimepanda baiskeli, nina afya! Nikafanya uamuzi wa haraka. Nikaingia mtaroni.

Nilianguka na mguu wa kulia chini ya baiskeli. Kifundo kililia. Mimi pia nililia.

Mama Nyirabahizi alitua ndoo akachungulia mtaroni. Nikiwa kule chini nikasema shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu, unatafuta nini humo? Nikasema natafuta sindano yangu. Akasema yewe, na huo mguu mgonjwa! Akanikokota mpaka kwake, akachemsha majani, akaniambia niunyooshe mguu nikandwe.

Hapo ndipo pagumu. Mguu unaouma ni wa kulia. Mguu mgonjwa, kwa mujibu wa parokia nzima, ni wa kushoto. Nikanyoosha wa kushoto. Aliukanda kama unga wa chapati. Mguu mzima, hauna kosa lolote, unasuguliwa kwa maji ya moto, na mwenzake pembeni anavimba bila msaada. Alisema ajabu, haujavimba hata kidogo. Nikasema uvimbe uko ndani.

Sasa nachechemea kote. Restituta ameniangalia nikiingia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, akasema nimepona, natembea sawasawa.

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Bernardo amekuja na hila. Nimeigundua palepale.

Alikuja na kiti chake mwenyewe, maana anajua vya kwetu vinayumba. Akasema Mwalimu Ndizeye ameruhusu watu wazima kuingia kwa kikundi cha watatu, kila mmoja mchezo wake. Halafu akainamisha kichwa. Alisema yeye hajui kuogelea. Maji yakimpita magoti anaona kizunguzungu. Alitaka kujitoa, lakini kaambiwa na wachungaji wa ng'ombe kwamba kuna mtu wa zambarau alivuka lambo na kurudi kama fisi maji, na mtu huyo ni mimi.

Pendekezo lake: mimi niogelee, maana kuogelea ni kazi ya mikono. Yeye baiskeli. Restituta akimbie, kwa sababu tangu shule ya msingi hakuna aliyewahi kuuona uso wa Restituta kwenye mbio, wote waliona kisigino. Tukishinda, mtamba akae kwetu, yeye zizi lake limejaa. Tutagawana maziwa. “Ndugu yangu,” alisema, “wewe ukiwa majini hakuna mwingine.”

Mtamba akae kwetu! Mtu mwenye akili timamu anatoa mtamba namna hiyo? Nikamtazama vizuri. Anaogopa. Ameona miguu yangu yote miwili ni migonjwa na bado sijajitoa, amejua mimi ni mtu hatari. Anataka kunifunga ndani ya kikundi ili jina langu lisisikike peke yake.

Nikamjibu kwa upole kwamba mimi nimeshazoea kufanya kazi peke yangu. Akasikitika. Akaondoka na kiti chake.

Restituta alikuwa anachambua maharage. Baadaye akasema kwamba mbio bado zimo miguuni mwake, anazisikia akipanda kutoka shambani. Nikamwambia hayo ni mambo ya utoto. Akachambua maharage kwa nguvu zaidi.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Naumwa. Naandika tena: NAUMWA. Kweli.

Ilianza jana jioni. Baridi, kichwa kinagonga, viungo vyote vimekatika, jasho, tena baridi. Nikamwambia Restituta ninakufa. Akaniuliza leo ni mguu upi. Nikamwambia si mguu, ni mwili mzima. Akasema basi mpango umekua. Kwa hiyo anajua! Tangu lini? Sikuwa na nguvu za kuuliza.

Asubuhi Bernardo alikuja na baiskeli. Nikamwambia sihitaji kupelekwa kwenye cherehani, nahitaji zahanati. Yeye peke yake aliniamini. Nilitetemeka nyuma yake njia nzima mpaka kengele ya baiskeli ikawa inalia yenyewe.

Kule zahanati, muuguzi Diane alinitoboa kidole, akasubiri kipimo, akanionyesha mistari. Malaria. Akanipa dawa mseto, akasema nimeze zote mpaka ziishe, ninywe maji mengi, nipumzike. Nikamuuliza mashindano je? Akasema hapana. Nikamuuliza, kuogelea si kama kupumzika tu, maana mtu analala? Akaita mgonjwa anayefuata.

Kwenye foleni nilisikia kwamba Bernardo kapata muogeleaji. Havyarimana, mfyatua matofali, mtu mnene mpole ambaye kwao Burundi alikuwa anavua samaki. Na mkimbiaji pia kapatikana. Nikauliza nani. Benchi zima likatazama dari.

Restituta siku hizi anaamka alfajiri kwenda kuteka maji na Esperansia, mke wa Bernardo. Wanakaa sana huko. Anarudi ametota jasho, na ndoo haina kitu. Sijamuuliza. Nadhani anapita kanisani kuniombea, anaona haya kusema. Wasiwasi juu yangu unamuumiza mama wa watu.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Dawa zimeisha. Homa imeshuka. Miguu kama uji, lakini nimesimama! Nimetembea mpaka mgombani na kurudi, nikishika mgomba mmoja mmoja. Kifundo cha kulia bado kinene.

Diane alipita kunijulia hali. Ameuona mguu wa kulia, akauliza kwa nini nilikandwa wa kushoto. Nikasema ni siri ya michezo. Akarudia kwamba Jumamosi nikae kitandani, na kama nitaonekana lambo atakuja kunitoa yeye mwenyewe. Akasema kwa sauti ya kimasihara lakini macho hayakuwa ya kimasihara. Alisema malaria ikirudi kwenye mwili uliochoka haiji kusalimia.

Nimeogopa kidogo. Hili naliandika hapa tu.

Lakini nimekumbuka tone la mtoto. Nikamtuma mtu kwa Mama Nyirabahizi alete mubirizi, yale majani machungu yanayorudisha nguvu. Yamekuja kwenye chupa, na ujumbe kwamba ni kijiko kimoja, asubuhi. Nimefikiri. Kama kijiko kinamtosha mgonjwa wa kawaida, mwanamichezo anahitaji kikombe.

Nitakunywa kesho jioni, nguvu zisipotee njiani.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Naandika nikiwa nimelala. Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Mubirizi ulianza kazi kabla jogoo hajawika. Sitaeleza. Nilipotoka chooni mara ya mwisho nikakuta Restituta hayupo, kaacha uji umefunikwa. Nikajua kaenda mapema kutafuta mahali pazuri pa kunishangilia.

Nikafika lambo nimevaa zambarau. Watu wengi kuliko Pasaka. Diane alikuwa upande wa pili na sanduku la dawa, hakuniona kwa sababu nilijibanza nyuma ya Havyarimana, na nyuma ya Havyarimana unaweza kujibanza hata na baiskeli. Mwalimu Ndizeye akapuliza filimbi.

Na hapo, jamani, nikaogelea!

Sijui nguvu zilitoka wapi. Ndani ya maji hakuna kuchechemea. Kifundo kilinyamaza, kichwa kikawa chepesi, nikasikia mikono yangu tu. Wengine walirusha maji kama watoto. Katikati ya lambo vazi lilianza kuvimba, nikaona bora aibu kuliko kuchelewa, nikaendelea. Nikamsikia Havyarimana akikoroma nyuma yangu. Nilitoka wa kwanza! Wa kwanza, mbele ya watu wazima wote, mfuko umejaa matope! Watu walipiga kelele za jina langu. Wiston! Wiston! Mwalimu Ndizeye alikuwa anaruka. Hata Diane alipiga makofi, halafu akakumbuka akaanza kunikimbilia.

Sijawahi kuitwa na watu wengi hivyo. Naandika hapa ili nisije nikadhani niliota.

Nikapanda baiskeli kabla Diane hajanifikia. Kukanyaga kwa mguu wa kulia nikaona nyota. Nikakanyaga kwa wa kushoto peke yake. Ule uliokandwa! Bibi alifanya kazi nzuri. Nikafika kwenye migomba ya kwanza, tumbo likasema shuka. Nikashuka. Nikapanda. Migomba ya pili, shuka. Nilipotoka mara hiyo Bernardo alikuwa anapita. Havyarimana alishamaliza zamu yake. Aliniona, akafunga breki! Mtu yuko kwenye mashindano, kafunga breki. Akanipa chupa yake ya maji, akasema, “Kunywa, Wiston, midomo imekauka,” akaondoka anapiga mluzi.

Maji kutoka kwa mpinzani? Nikayamwaga chini. Baadaye, jua lilipopanda, nilirudi kupatazama pale pa unyevu.

Kufika njia panda na kugeuza, wenzangu wote walishanipita. Mnyororo ukachomoka. Nikarudisha, ukachomoka. Nikasukuma baiskeli. Nikiwa nasukuma hivyo karibu na kona ya kilima, nikaona mtu anakuja mbio kutoka kituo cha kubadilishana, anazunguka kuelekea kilimani. Pekupeku. Kitenge kimefungwa juu ya suruali ya mazoezi, fulana ya kwaya ya Bernardo. Nyuma yake hakuna mtu, hata wa kuonekana kwa mbali. Nikasema moyoni, huyo mama anakimbia vizuri.

Ndipo nikamjua. Restituta!

Nikapiga kelele kwamba maharage yataungua. Akajibu bila kugeuka, “Mwenye kula yuko hapa barabarani!” Na akapanda. Kilima kile kilimwachia njia kama kinamjua.

Nikakaa kwenye jiwe. Baridi ilikuwa imenirudia, na jua kali. Kifundo kilikuwa kimepasua mshono wa soksi. Nilifikiri nikae hapo mpaka watu waondoke, nirudi kwa njia ya nyuma. Kisha nikaona kwamba kwa njia yoyote ile lazima nipande kilima, nyumbani ni huko. Nikaiacha baiskeli kwenye nyasi, nikaanza. Sitasema nilikimbia.

Katikati ya kilima akatokea anashuka. Alikuwa ameshashinda! Alitoka uwanjani katikati ya vigelegele akaja kunitafuta. Hakusema chochote kuhusu mguu, wala mubirizi, wala zambarau. Akanishika mkono. Nikamwambia aniachie, mshiriki akishikwa anaondolewa. Akaniachia, lakini alitembea karibu sana, bega kwa bega, na kila nilipoyumba bega lake lilikuwa hapo. Akasema polepole kwamba pale lambo alilia aliponiona natoka wa kwanza. Nikauliza kwa furaha? Akasema kwa hasira, halafu kwa furaha, halafu tena kwa hasira.

Uwanjani walikuwa wanakunja turubai. Mwalimu Ndizeye alikuwa bado amesimama kwenye mstari na filimbi mdomoni, kakataa kuondoka. Nikavuka. Akapuliza. Nikamwona Bernardo anavua kofia, na baada ya hapo sikuona kitu. Wanasema nilidondokea mikononi mwa Diane.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Nipo kitandani. Chupa ya maji ya dripu jana, uji leo. Diane kasema mengi. Nimeyasikia yote, nilikuwa nimefumba macho.

Mtamba kafungwa nje ya dirisha langu. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani na anapumua kama katekista. Tangu misa iishe watu wanaingia na kutoka. Wakifika uani wanamkumbatia Restituta, wanamwambia hongera. Wakiingia chumbani wananiambia pole. Havyarimana kaleta nanasi. Kaniambia yeye hawezi kuogelea kama mimi, akauliza nilijifunzia wapi. Tumezungumza kuhusu mito mpaka akasinzia kwenye kiti. Kiti kimevunjika.

Nimetafakari kwa kina na nimeona ukweli. Nani aliyemfundisha Bernardo kupanda kilima na mzigo? Mimi. Nani aliyemtia Restituta hasira, na hasira ndizo mbio? Mimi. Nani aliyewachosha waogeleaji wengine kwa kuwafanya wanifukuze? Kikundi kilikuwa cha watu watatu kwa macho tu. Nilipomweleza Bernardo haya alitikisa kichwa akasema ni kweli, asante sana. Hakuwa anatania! Ndilo linalonikasirisha kwa mtu huyu.

Mtamba atakaa kwetu. Akizaa, maziwa yatagawanywa sehemu tatu, kwetu, kwa Bernardo na kwa Havyarimana. Restituta alisema jambo moja tu, akiwa anakunja kile kitenge cha mbio. Kama ningekubali siku ile ya kiti, yangegawanywa mara mbili. Nikamwambia hizo ni hesabu za watu ambao hawakuogelea. Akanifunika shuka mpaka kichwani.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Leo mambo mazito.

Mwalimu Ndizeye kaja mchana. Wilaya ya Biharamulo nao wanaandaa mashindano yao, Kaniha, mwezi ujao. Kule kuna kuogelea peke yake, mchezo kamili, hakuna baiskeli wala kilima. Anataka nikaogelee kwa niaba ya Rulenge. Mimi! Kasema ameshaona watu wengi majini lakini ile ya Jumamosi bado anaisimulia. Restituta atakimbia na Bernardo ataendesha baiskeli, katika mchezo mwingine wa kikundi. Mimi nitasimama peke yangu, jina langu peke yake.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Restituta alikuwa mlangoni, anatabasamu.

Kisha Mwalimu akaweka sharti. Nisiguse maji wala nisikanyage chini mpaka Diane aseme kifundo kimepona. Nipumzike tu. Nile, nilale. Kasema nikifika Kaniha nimepona, hakuna wa kunikamata. Bernardo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake alichokuja nacho, akaitikia kwa besi kwamba hilo ndilo la maana, nipumzike, na maziwa ataleta mwenyewe kila siku.

Nikawaahidi. Nikainua na mkono.

Wameondoka. Nimebaki natazama dari, na mambo yamekaa wazi mbele yangu. Kwa nini wote wanataka nipumzike? Mwalimu, Bernardo, Diane, mke wangu mwenyewe, kwa siku moja, maneno yale yale? Muogeleaji akipumzika anakuwa nini? Analegea. Ananenepa. Na hayo maziwa ya kila siku! Ni wazi kabisa. Bernardo kajifunza kuogelea kwa siri.

Nimeshalipunguza vazi mshono. Kesho asubuhi Restituta akishakwenda shambani, natoka dirishani, nampita mtamba, nashuka lambo. Kwa mguu huu nitafikaje? Nitafika. Na majini mguu wa nini? Samaki hana hata mmoja, na hakuna anayemwambia apumzike.